Nani Alimvika Nguo? Uhakiki wa Mahubiri Yetu Juu ya Marko 5:1–20

Kazi mojawapo ya mwalimu wa homiletiki ni kusoma mahubiri kabla hayajahubiriwa. Mwanafunzi huyaandika, mwalimu huyasahihisha kwa kalamu nyekundu, kisha huyasikiliza katika ibada ya asubuhi ili aone ni masahihisho gani yaliyotiiwa. Kwa njia hiyo tumesoma mahubiri mengi juu ya yule mtu wa nchi ya Wagerasi, na katika ziara zetu za sharikani tumesikia mengine yaliyohubiriwa na wachungaji waliobarikiwa zamani. Tumeyahubiri sisi wenyewe pia. Makala haya ni uhakiki wa mahubiri hayo. Hatumlengi mhubiri yeyote mmoja, bali desturi iliyojengeka miongoni mwetu ya kuipitia habari hii mbio mahali ambapo Mwinjilisti amekwenda polepole.

Kipimo chetu huenda kikawa kigeni kwa baadhi ya wasomaji. Tutayapima mahubiri haya kwa kazi ya muuguzi wa wagonjwa wa akili. Tunafanya hivyo kwa sababu hatujui fungu lingine la Maandiko ambalo jamaa ya mgonjwa wa akili hulisikiliza kwa makini kama hili. Mama aliyemwacha mwanawe amefungiwa chumbani ili apate kuja ibadani hasikilizi kama wasikilizavyo wengine. Anasikiliza ili ajue afanye nini atakaporudi nyumbani saa sita.

Mahubiri ya desturi yana sehemu tatu. Ya kwanza ni nguvu za pepo: makaburi, kelele za usiku, minyororo iliyokatwa vipande. Hapa mhubiri kijana hupaza sauti. Ya pili ni mamlaka ya Yesu, na jina Legioni hufafanuliwa kuwa ni kikosi cha jeshi la Kirumi chenye maelfu ya askari. Ya tatu ni nguruwe. Tunakiri kwamba hatujapata kuelewa kwa nini nguruwe wapatao elfu mbili wapewe nafasi kubwa kuliko mtu mmoja. Wanafunzi wanaotoka sehemu zinazofuga nguruwe hufikia hata kuikadiria hasara kwa shilingi, na darasa hucheka. Nguruwe wakiisha kuzama, mahubiri nayo huzama. Mstari wa 15 hutajwa kwa pumzi moja, kama risiti ya kuthibitisha kwamba muujiza umetokea, kisha mhubiri huruka mpaka mstari wa 20 ili awaite watu kushuhudia.

Kinachopotea ni mgonjwa mwenyewe. Marko, ambaye kwa kawaida ni mchoyo wa maneno kuliko Wainjilisti wenzake, katika mistari ya 3 mpaka 5 anayamwaga. Anataja pingu, anataja minyororo, anazitaja tena, na anasema kwamba jambo hilo lilifanyika mara nyingi. Maana yake ni kwamba watu wa mji ule hawakuanza kwa kumtupa ndugu yao. Walijaribu, wakashindwa, wakajaribu tena. Luka (8:29) anaongeza kwamba alikuwa akilindwa. Na pale Marko anaposema kwamba hapakuwa na mtu aliyeweza kumshinda, kitenzi cha Kiyunani alichotumia ni *damazo*, ambacho Yakobo 3:7 hukitumia kwa wanyama wa mwituni wanaofugwa na wanadamu. Mji mzima, basi, ulikuwa umejaribu kumfuga mtu. Minyororo ilikuwa tiba ya kwanza ya mji. Makaburi yalikuwa tiba ya pili. Sisi wahubiri huitumia minyororo kupimia nguvu za pepo. Muuguzi akiisoma mistari hiyohiyo huona kitu kingine, yaani historia ya mgonjwa: huyu amefungwa mara ngapi, kwa muda gani, vidonda viko wapi, na hayo mawe anayojikatia usiku na mchana yana maana kwamba anataka kufa?

Hapa tunalazimika kueleza jambo lililotupata tulipokuwa mchungaji wa usharika mmoja wa shamba, miaka michache baada ya kubarikiwa. Kijana wa usharika wetu alikuwa amerudi kutoka hospitali ya magonjwa ya akili. Alikuwa ametulia, akimsaidia mama yake shambani, akimeza vidonge kila jioni na kuchomwa sindano kila mwezi katika kituo cha afya. Jumapili moja somo lilikuwa Marko 5. Tulimwita asimame. Akasimama, vigelegele vikapigwa, nasi tukatangaza kwamba Bwana hafanyi kazi nusu. Hatukumwambia mama yake aache kumpa dawa. Wala hatukumwambia asiache. Alirudi nyumbani akaviweka vidonge ndani ya sanduku chini ya kitanda, kwa kuwa aliona ni ukosefu wa imani kuendelea kumtibu mtu ambaye mchungaji amekwisha kumtangaza mzima.

Masika ilipofika kijana alikuwa halali. Alijibizana na redio. Siku moja alimpiga mjomba wake kwa mpini wa jembe, na wajomba wakamfunga kwa kamba ya katani kwenye nguzo ya jiko la zamani. Tukaitwa. Tukaja na mzee wa kanisa, tukaimba, tukasoma, tukaomba kwa muda mrefu na kwa machozi ya kweli. Tuliomba, naye amefungwa. Haikutujia akilini kwamba kamba ile ni jambo la kushughulikiwa. Tuliiona kama ilivyoonwa minyororo ya Mgerasi, sehemu ya mandhari.

Siku ya pili alikuja muuguzi kutoka kituo cha afya, mama wa makamo, kwa baiskeli. Alikuwa amesomea uuguzi wa magonjwa ya akili. Tunaeleza alichokifanya kwa urefu kwa sababu hatukupata kufundishwa chochote cha namna hiyo katika miaka yote ya masomo yetu. Kwanza aliwaomba watu waondoke, wabaki mama na mjomba mmoja asiyepigwa. Mlango akauacha wazi. Hakusimama mbele ya kijana wala juu yake. Aliketi chini, kando, mahali ambapo mguu wa mgonjwa usingemfikia na ambapo yeye mwenyewe angeweza kuufikia mlango. Akamwita kwa jina lake. Akanyamaza. Kijana alipoanza kusema maneno yasiyoeleweka, hakumpinga wala hakumkubalia; alimwuliza kama ana kiu. Akampa maji. Kila alichotaka kufanya alikitaja kabla ya kukifanya: sasa nitaushika mkono wako wa kulia, sasa nitaangalia hapa palipochubuka. Ilichukua muda unaotosha ibada mbili. Hatimaye kijana alikubali sindano, na kamba ikafunguliwa na mjomba mwenyewe, kwa kuwa muuguzi alitaka mikono iliyofunga ndiyo ifungue. Kisha wakamwogesha kwa maji ya moto, wakasafisha vidonda vya vifundo vya mikono, na muuguzi akatoa kwenye mfuko wa baiskeli shati lililofuliwa. Hatujui lilikuwa la nani.

Alipokuwa akinawa mikono alituambia, kwa upole kabisa, "Baba Mchungaji, ulipomsimamisha kanisani, ulimwuliza kama bado anameza dawa?"

Tulijibu kwamba hatukumwuliza.

"Shingo ilikuwa inamkaza, na mate yanamtoka. Ni dawa zenyewe hufanya hivyo. Alikuja kulalamika nikampa kidonge cha kupunguza. Halafu akaacha kuja. Mimi nilidhani amekwenda mjini kutafuta kazi. Sikujua kwamba amepona."

Sentensi hiyo ya mwisho tumekaa nayo miaka mingi. Hakuisema kwa kejeli. Kwa muuguzi, neno "amepona" lina matokeo: kadi hufungwa, mgonjwa hafuatwi tena nyumbani. Sisi tulilitamka kutoka madhabahuni bila kuona kadi yoyote.

Tukirudi katika uhakiki, kosa la mahubiri yetu halikuwa kumwamini Yesu kupita kiasi. Lilikuwa kosa la kusoma. Tulilihubiri tukio la dakika chache, la mstari wa 8 mpaka wa 13, kana kwamba ndilo fungu zima, na ugonjwa wa kijana wetu tukaulazimisha uwe na umbo la dakika hizo. Lakini magonjwa makubwa ya akili hayana umbo hilo. Kwa wengi huja, hutulia, hurudi. Muuguzi huyajua majira yake kama mkulima ajuavyo mvua: huangalia kwanza usingizi, kisha chakula, kisha kuoga, kisha maneno. Anajua pia kwamba mgonjwa huacha dawa kwa sababu mbili zinazopingana, ama kwa kuwa zinamtesa, ama kwa kuwa anajisikia mzima. Mahubiri yanayomwambia kwamba yu mzima humwongezea sababu ya pili nguvu ambayo muuguzi hawezi kushindana nayo.

Ni jambo la kufurahisha kwamba mwaka 1952, mwaka uleule ambao Biblia nzima ya Kiswahili cha Union ilitolewa, mambo mawili yalitokea mbali na sisi ambayo yamebadilisha hali ya wagonjwa hawa. Huko Paris madaktari Jean Delay na Pierre Deniker walitangaza matokeo ya dawa ya klorpromazini, ya kwanza katika jamii ya dawa ambazo kijana wetu alikuwa akizitumia. Na huko Marekani muuguzi Hildegard Peplau alichapisha kitabu juu ya uhusiano kati ya muuguzi na mgonjwa, akitetea kwamba uhusiano huo wenyewe ni sehemu ya tiba na si kifungashio chake. Kila mchungaji anayesoma hoja hiyo hana budi kujiuliza kwa nini haikutoka kwetu, sisi tunaokiri kwamba Neno alifanyika mwili.

Kuhusu Biblia hiyo ya Union liko jambo ambalo wanafunzi wetu wengi hawalioni. Katika Mathayo 17:15 kuna baba anayemleta mwanawe, na kitenzi cha Kiyunani kilichopo husema kwamba mtoto huyo amepatwa na mwezi. Watafsiri wetu walichagua neno kifafa. Marko 9:17 anaieleza habari ileile kwa kusema kwamba mtoto ana pepo bubu. Hivyo Biblia tunayoishika mikononi inamtaja mtoto mmoja kwa majina mawili, moja la hospitali na moja la madhabahu, wala haioni haja ya kulifuta lolote. Ni sisi tunaochagua moja. Huko Mahenge, ambako daktari Louise Jilek-Aall kutoka Norway alianzisha kliniki ya kifafa karibu na mwaka 1960, alikuta watu walioungua kwa sababu walianguka motoni na jirani waliogopa kuwagusa wasije wakaambukizwa kwa mate. Kwa mtu aliye katika moto, swali la jina la kitu kilichomwangusha linaweza kusubiri.

Ndugu mmoja, mwalimu mwenzetu, alipoyasikia mawazo haya alituambia kwamba tunamgeuza Yesu kuwa muuguzi na Legioni kuwa skizofrenia. Lawama hiyo si ndogo. Tunaijibu kwa kusema kwamba hatumpimi Mgerasi ugonjwa wake. Mtu aliyeishi karibu miaka 2000 iliyopita hawezi kupimwa, na wale wanaohubiri kwamba alikuwa na ugonjwa fulani tu wanafanya haraka ileile ya wale wanaohubiri nguruwe. Tunaamini kwamba Yesu alitoa pepo. Tunawaombea wagonjwa, na kuwawekea mikono. Tunachouliza ni mahubiri yanamwacha wapi mgonjwa siku ya Jumatatu.

Katika jambo hili Luther ni mwalimu wetu, ingawa si kila mahali. Yeye mwenyewe aliijua huzuni nzito. Mwaka 1530, alipokuwa katika ngome ya Coburg, alimwandikia Jerome Weller aliyekuwa katika huzuni ya namna hiyo, akamsihi asikae peke yake, atafute watu wa kuzungumza na kucheka nao. Mwaka 1545 alimwandikia mchungaji Severin Schulze juu ya mtu aliyekuwa amesumbuka akilini. Wanafunzi wetu huipenda barua hiyo kwa sababu ndani yake Luther anamtaja shetani na kuelekeza namna ya kuomba. Wanasahau jinsi hoja inavyoanza. Luther anaanza na waganga: iwapo hao hawajui la kufanya, ndipo anahitimisha kwamba huzuni hii si ya kawaida. Kisha hamtumi mchungaji peke yake wala hamwiti mgonjwa mbele ya mkutano. Mchungaji aende na wenzake wachache nyumbani kwa mgonjwa, wamwekee mikono, waombe, na warudie. Huo ni utaratibu unaokaribiana na zamu za muuguzi kuliko mikutano ya hadhara tunayoiona siku hizi.

Lakini Luther yuleyule, katika Mazungumzo ya Mezani, alisema juu ya mtoto wa miaka 12 huko Dessau aliyekuwa hana akili, kwamba kama yeye angekuwa mtawala angemtupa mtoni, kwa kuwa aliona ni kipande cha nyama kisicho na roho. Sisi Walutheri hatuna haki ya kuinukuu barua ya 1545 na kuyaficha maneno ya Dessau. Yote mawili yalitoka kinywani mwa mtu mmoja. Na tofauti kati yake ni kwamba katika barua alimwona mgonjwa kuwa ni mtu mwenye mke, jirani na mchungaji, na mezani alimwona kuwa ni mfano wa jambo.

Urithi wetu wa hapa Tanzania una pande hizohizo mbili. Juu katika milima ya Usambara, huko Lutindi, wamisionari wa Kijerumani walifungua mwaka 1896 makao ya watoto waliookolewa utumwani. Miaka michache baada ya 1900 makao hayo yakaanza kupokea wagonjwa wa akili, na kwa hiyo Lutindi inahesabiwa miongoni mwa hospitali za kwanza kabisa za aina hiyo katika Afrika ya Mashariki. Ni ya Kanisa letu hadi leo. Mashemasi waliokwenda kutumika huko walitoka Bethel, karibu na Bielefeld, kituo kilichoanzishwa mwaka 1867 kwa ajili ya wenye kifafa na kuongozwa tangu 1872 na mchungaji Friedrich von Bodelschwingh. Walileta desturi ya Bethel: mgonjwa apewe kazi, apewe shamba, aketi mezani na wanaomtunza. Si yote waliyoleta yalikuwa mema, maana walikuja ndani ya mashua ya wakoloni. Hata hivyo, tunapotafuta mahali ambapo Mlutheri wa nchi hii alijifunza kwanza kwamba kichaa anaweza kushika jembe bila kulitumia kumpiga mtu, lazima tuipande milima hiyo.

Nayo Bethel ilijaribiwa. Sheria ya Julai 1933 iliyoamuru watu wenye magonjwa fulani kufungwa uzazi ilitekelezwa na Bethel yenyewe, tena kwa kuikubali. Mwaka 1940 serikali ya Hitler ilipoanza kuwaua wagonjwa, Bodelschwingh mwana alikataa kujaza fomu za kuwaorodhesha, na mwenzake mchungaji Paul Braune akaandika waraka wa kuupinga mpango huo, akatiwa gerezani Agosti mwaka huo. Lakini Septemba 1940 wagonjwa Wayahudi wa Bethel walichukuliwa, wakauawa. Katika Ujerumani nzima zaidi ya watu 70,000 waliuawa kwa gesi kabla ya Agosti 1941, na mauaji kwa sindano na kwa njaa yakaendelea baada ya hapo. Katika hospitali ya Meseritz-Obrawalde sindano hizo zilichomwa na wauguzi. Mwaka 1965 wauguzi 14 wa huko walishtakiwa mjini Munich. Walijitetea kwamba walitii, na wakaachiliwa.

Tumeyaweka haya hapa ili msomaji asidhani kwamba tunaitukuza kazi ya uuguzi ili kuliaibisha Neno. Muuguzi asiye na mtu wa kumwambia mgonjwa huyu ni nani mbele za Mungu anaweza kumwogesha vizuri na kumpeleka kufa. Mchungaji asiye na mtu wa kumwonyesha kidonda kilipo anaweza kuomba vizuri mbele ya mtu aliyefungwa kwenye nguzo. Sisi tulifanya hilo la pili.

Kuna uchunguzi uliofanywa Ghana, na kuchapishwa mwaka 2018, ambao tungependa kila mwalimu wa theolojia ya uchungaji aufahamu. Katika kituo kimoja cha maombi, ambako wagonjwa wa akili hukaa na baadhi yao hufungwa minyororo, watafiti walipeleka dawa za hospitali kwa baadhi ya wagonjwa huku maombi yakiendelea kama kawaida. Wengine walibaki na maombi peke yake. Wagonjwa 139 walihusika. Baada ya wiki sita waliopata dawa walikuwa na nafuu iliyo wazi kuliko wenzao. Lakini siku walizokaa katika minyororo hazikupungua kuliko za wenzao. Tuliposoma matokeo hayo tulishangaa kwanza, kisha tukaona kwamba hatukuwa na sababu ya kushangaa. Dawa inaweza kumtuliza mgonjwa. Haiwezi kumbadilisha anayeshika ufunguo. Mnyororo haukutegemea hali ya mgonjwa peke yake. Ulitegemea pia namna watu walivyomsoma, na kusoma ndiyo kazi yetu.

Basi tusome mstari wa 15. Watu wanatoka mjini, wanamkuta ameketi, amevaa nguo, ana akili zake. Mambo matatu, kwa mpangilio ambao muuguzi yeyote angeuandika katika ripoti yake ya zamu ya asubuhi: ametulia, amevaa, anaeleweka. Ajabu ni lile la kati. Ni Luka (8:27) anayesema kwamba mtu huyu alikuwa havai nguo. Marko hakusema hivyo mahali popote, na bado anataja nguo. Kitenzi chake cha Kiyunani, kwa umbo, chaweza kusomwa "amejivika" au "amevikwa". Hatuwezi kuamua kwa sarufi peke yake. Lakini vyovyote tutakavyosoma, nguo ilitoka mahali fulani, na hapo ndipo tulipoanza kuandika pembeni mwa mahubiri ya wanafunzi, kwa kalamu nyekundu, swali moja: nguo alizipata wapi?

Wengi hulichukulia kuwa ni mzaha wa mwalimu. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu, ambaye dada yake ni mgonjwa, hakulichukulia hivyo. Alirudi baada ya wiki akiwa na karatasi aliyoichora mstari baada ya mstari. Watu wa mji, alisema, walipofika walimkuta amekwisha kuvaa. Kwa hiyo si wao. Wachungaji wa nguruwe walikuwa wamekimbia. Makaburini hapakuwa na duka. Waliobaki ni Yesu na waliokuja naye katika chombo. Tena, akaongeza, ukitazama vizuri, wanafunzi wa Yesu wanafika pwani katika mstari wa 1 na tangu hapo hawafanyi kitu chochote katika habari hii. Hawasemi, hawaombi, hawatoi pepo. Labda kuna mmoja aliyevua vazi lake.

Ni kisio, nasi tulimwambia hivyo. Maandiko hayasemi. Lakini ni kisio lililotokana na kusoma, na hatujapata kisio lililo bora zaidi.

Alituuliza pia juu ya mistari ya 18 na 19, ambayo tulikuwa tumeipita hata sisi. Mtu yule anamsihi Yesu afuatane naye, naye anakataliwa, jambo lisilo la kawaida katika Injili. Anatumwa nyumbani, kwa jamaa zake, yaani kwa watu walewale waliomfunga. Mwanafunzi alitaka kujua kama hilo ni jema. Tulimwambia kwamba wauguzi wanaomruhusu mgonjwa kutoka wodini hujiuliza hivyohivyo, na kwamba wale walio waangalifu huwaita jamaa kabla ya siku hiyo, huwaonyesha vidonge, huwaeleza dalili za hatari, na huandika tarehe ya kurudi kliniki. Katika Marko 5 hapana habari kwamba jamaa waliandaliwa. Wenyeji walikuwa na hofu, wakamwomba Yesu aondoke. Mtu mwenye akili zake alirudi kwenye mji ambao minyororo yake ilikuwa bado imetundikwa mahali fulani.

Mwanafunzi aliandika mahubiri yake upya. Nguruwe walipata sentensi moja. Aliyahubiri katika usharika wa mazoezi, na kabla ya kuanza ibada alikwenda kituo cha afya cha hapo akamwuliza muuguzi siku za kliniki ya wagonjwa wa akili, ili azitangaze pamoja na matangazo ya kwaya na ya umoja wa wanawake. Muuguzi alimjibu kwamba ni Alhamisi ya kwanza ya mwezi, saa tatu asubuhi, na akamwuliza kama kanisa lina benchi la ziada, maana wanaosubiri huketi chini.